Kabla ya kuzungusha seng'enge kwenye ploti yako ya Kajiado, muulize ng'ombe

Umewahi kukwama kwenye jam hapa Nairobi, ukachungulia dirishani ukidhani ni ajali, kumbe ni ng'ombe? Tena si mmoja. Thelathini, arobaini, mbavu zinahesabika, wanavuka lami polepole kana kwamba jiji ni lao. Abiria mmoja anatoa simu apige picha. Mwingine anauliza kwa sauti, "Kwani hawa watu hawana kwao?"

Hilo swali nimelisikia mara nyingi kwa mathree, na kusema ukweli hata mimi nimewahi kuliuliza. Mwaka 2017, na tena kwenye ule ukame wa 2020 hadi 2023 ambapo misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, ng'ombe walionekana kando ya barabara kuu na hadi kwenye nyasi za mitaa ya mabwanyenye. Mtandaoni tulicheka, tukatengeneza meme, tukasonga na maisha.

Mimi niliacha kucheka siku nilipopata ploti.

Nikisema "nilipata" usinione nina pesa. Ni chama. Tuko kumi na mmoja, tumelelewa mtaa mmoja: kuna wa nduthi, kuna kinyozi, kuna dada wawili wenye duka la nguo, na kuna mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nikaanza kuandika. Tulichanga kwa zaidi ya miaka mitatu hadi tukapata ploti mbili za 50 kwa 100 zilizoshikana, nje ya barabara ya Namanga, ukishapita Kitengela. Siku ya kwanza kwenda kuziona tulivaa kama watu wa harusi. Tulipofika tukakuta ng'ombe wanakula ploti yetu.

Mweka hazina wetu alipandwa na hasira. Kijana aliyekuwa akiwachunga, rika letu kabisa, hakubishana. Alinyoosha fimbo akatuonyesha kijia chembamba kilichokata kona ya ploti, udongo umeshindiliwa hadi ukang'aa. "Boss," akasema, "hawa hawajaanza leo. Hapa ni njia."

Njiani kurudi tulikuwa tayari tunahesabu pesa za nguzo na seng'enge. Lakini lile neno "njia" lilinikaa kichwani. Nikaanza kusoma usiku kuhusu jinsi ng'ombe anavyokula na anavyotembea, na nikarudi kule mara mbili kupiga stori na mzee mmoja jirani, mwenye boma mita chache kutoka kwetu. Kaa nami hapa, kwa sababu kama wewe pia unachangia ploti upande ule, hii stori ni yako.

Ng'ombe si mashine ya kukata nyasi

Tuanze na mdomo. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Anazungusha ulimi kwenye shungi la nyasi, analivuta, analikata kwa kulibana. Ndiyo maana nyasi ikiwa fupi sana anateseka kuliko kondoo, ambaye midomo yake hufika karibu na ardhi. Kila tonge linakuwa dogo, kwa hivyo anang'ata mara nyingi zaidi na anakula kwa saa nyingi zaidi ili ashibe.

Lakini hizo saa zina mwisho. Kwa kawaida ng'ombe hula kama saa nane kwa siku, hasa alfajiri na jioni, na muda unaokaribia huo anautumia kucheua. Hawezi kula mchana kutwa na usiku kucha, maana alichomeza lazima akirudishe akitafune upya. Kwa hivyo nyasi ikipungua, kuna mahali anafika anashindwa. Si uvivu. Siku imeisha na tumbo halijajaa.

Sasa ongeza ukubwa wa malisho. Mweke kwenye eneo kubwa na utaona anachagua. Anang'ata hapa, anaruka pale, anafuata majani laini, anaacha mabua. Anatembea kilomita kadhaa kwa siku, na kwenye nchi kavu, maji yakiwa mbali, anapita kumi bila shida. Ng'ombe wetu wa nundu, zebu na Boran, wameumbiwa kazi hiyo. Boran anaweza kunywa leo, akaruka kesho, akanywa kesho kutwa.

Eneo kubwa lina makosa yake pia. Ng'ombe akiachwa peke yake hasambai sawasawa. Anapenda karibu na maji, kwenye kivuli, kwenye ardhi isiyo na mlima. Ukienda kilomita tatu au nne kutoka kisimani, unaweza kukuta nyasi zimesimama hazijaguswa, wakati pale kwenye maji ni vumbi tupu. Ndiyo maana mchungaji yuko. Yule kijana mwenye fimbo hawafuati tu ng'ombe nyuma. Anawapeleka mahali ambapo wenyewe wasingejipeleka.

Eneo dogo si dhambi

Hapa nilidhani nimepata jibu: kubwa nzuri, dogo baya. Kumbe si rahisi hivyo.

Mweke ng'ombe yuleyule kwenye eneo dogo na tabia yake inabadilika. Anatembea kidogo na anachagua kidogo. Anakula karibu kila kitu, hata yale mabua aliyoyadharau. Wafugaji wa maziwa kule Kiambu na Nyandarua wanajua faida yake: wanagawa shamba kuwa vipande, ng'ombe wanakaa kipande kimoja siku chache, kisha wanahamishwa. Nyasi inaliwa sawasawa halafu inapumzika.

Mfaransa mmoja, André Voisin, aliyekuwa mkulima na mwanasayansi, aliandika kuhusu jambo hili miaka ya 1950. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba nyasi haiuawi na wingi wa ng'ombe tu. Inauawa na muda. Ng'ombe akiling'ata shungi, linachipua. Chipukizi ni tamu, kwa hivyo akiwa bado yuko hapohapo atarudi kuling'ata tena kabla mizizi haijapata nguvu. Akifanya hivyo mara tatu au nne, shungi linakufa, udongo unabaki uchi, mvua inakuja kuubeba.

Na kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia. Ng'ombe hapendi kula karibu na kinyesi chake kibichi. Kwenye eneo kubwa hilo si neno, anasonga mbele. Kwenye kipande kidogo kisicho na pa kuhamia, kila siku sehemu ya nyasi anayoikataa inaongezeka, na ile iliyobaki inazidi kuwa fupi. Minyoo na kupe nao wanapata makao ya kudumu.

Kwa hivyo udogo wenyewe si tatizo. Yule ng'ombe wa Kiambu ana kipande kidogo lakini ana lango, na kesho analo jingine. Tatizo ni kipande kidogo ambacho ukishakimaliza, ng'ambo ya ua kuna ua mwingine, halafu mwingine, halafu wangu mimi.

Hesabu ya 50 kwa 100

Nilichukua kalamu. Tuseme ng'ombe wa kienyeji ana kilo 250. Kwa siku anahitaji chakula kikavu cha karibu asilimia mbili na nusu ya uzito wake, yaani kama kilo sita. Tuseme pia hekta moja ya nchi kavu, mwaka wa mvua za wastani, inatoa tani moja ya nyasi kavu, na nusu tunaiacha ili malisho yasife. Zinabaki kilo 500. Hizo ni siku 83 za ng'ombe mmoja.

Kumlisha mwaka mzima basi kunahitaji zaidi ya hekta nne, karibu ekari 11. Huyo ni ng'ombe mmoja.

Na ploti ya 50 kwa 100? Ni takriban mita za mraba 465, thumuni ya ekari. Inatoa kilo 23. Siku nne. Ploti mbili za chama chetu, jasho la miaka mitatu la watu kumi na mmoja, zinaweza kumlisha ng'ombe mmoja kwa siku nane kwa mwaka.

Sasa angalia tulivyofika hapa. Mwaka 1968 sheria iliruhusu jamii za wafugaji kumiliki ardhi kwa pamoja kama ranchi za kikundi, na Kajiado ikawa nazo nyingi. Baadaye wanachama wakaanza kuzigawa kila mtu achukue chake. Ranchi ya Kitengela, yenye hekta zaidi ya 18,000, iligawanywa mwaka 1988 kwa wanachama zaidi ya 200. Kwa wastani kila mmoja alipata kama hekta 85, yaani ekari 200 na ushei.

Kwetu sisi wa kukodi bedsita, ekari 200 ni utajiri wa kutisha. Lakini rudi kwenye hesabu: kwa ekari 11 kila ng'ombe, hizo ni ng'ombe 18 au 19. Na kama kipande hicho ni mraba, kila upande haufiki hata kilomita moja. Ng'ombe anayeweza kutembea kilomita kumi kwa siku anauvuka kwa robo saa, anakutana na mwisho. Halafu mwenye ekari 200 akapata mgonjwa, au karo, akauza ishirini. Kisha kumi. Wanunuzi wakapasua ploti. Ndipo tukafika sisi na viatu vyetu vya harusi.

Wala hii si mara ya kwanza Wamaasai kupunguziwa nafasi. Kwa mkataba wa 1904 serikali ya kikoloni iliwatoa kwenye malisho ya Bonde la Ufa ili kuwapa walowezi, na kwa mkataba wa 1911 wakaondolewa Laikipia pia, wakasukumwa kusini. Hata jina Nairobi limetoka kwa Kimaasai, likimaanisha mahali pa maji baridi. Kwa hivyo ukiuliza kama hawa watu wana kwao, jihadhari na jibu.

Mvua haijui hatimiliki

Mzee jirani yetu alinieleza jambo ambalo sikuliona kwenye hesabu zangu. Nilimuuliza, "Mzee, kwani mlihitaji ardhi yote hiyo ya nini?"

Alicheka kidogo. "Kijana, wewe unafikiri tulikuwa tunakula yote? Mvua ilikuwa ikinyesha hapa, kule hakuna. Mwaka mwingine kule, hapa hakuna. Tulikuwa tunaifuata."

Hapo ndipo akili yangu ilifunguka. Nilikuwa nimehesabu nyasi kwa wastani, na nchi kavu haina wastani. Mvua inaanguka kwa viraka: boma hili linalowa, lile la kilomita kumi mbele linatazama mawingu. Mfugaji mwenye eneo kubwa la pamoja anafuata kile kiraka. Ukiligawa eneo hilohilo kwa ua, hata kama hujapoteza hekta moja, linalisha ng'ombe wachache kuliko mwanzo, kwa sababu mwenye nyasi amefungiwa ndani na asiyekuwa nayo amefungiwa nje.

Na wafugaji hawakuwa wakitembea ovyo. Karibu na boma huacha kipande kinachoitwa olopololi, kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu wasioweza safari. Mbali zaidi kuna malisho ya masika na malisho ya kiangazi. Huko Olkiramatian, upande wa Magadi, jamii imeendesha mpango wa namna hiyo kwa miaka mingi: sehemu moja inaliwa wakati wa mvua, nyingine inaachwa imee hadi kiangazi kianze kuuma. Ni lile wazo la Voisin la kupumzisha nyasi, ila uwanja wake ni mkubwa na lango lake ni makubaliano ya watu.

Hata hapa karibu na jiji kuna waliojaribu. Mwaka 2000, kusini mwa Mbuga ya Nairobi, ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola nne kwa ekari kwa mwaka, ili wasijenge ua, wasichimbe mawe na wasiuze vipande. Lengo lilikuwa kuwaachia nyumbu na pundamilia njia ya kutoka mbugani, ambayo ni kilomita za mraba 117 tu. Lakini mahali nyumbu anapopita, ng'ombe naye anapita. Sasa linganisha dola nne na bei ambayo dalali anakutajia wewe kwa ploti moja, halafu jiulize nani angeshinda.

Kwa hivyo mvua inapofeli, mfugaji wa leo anatazama kila upande na kuona seng'enge. Mahali pekee palipobaki pasipo ua, parefu, penye nyasi, na pasipo na mwenyewe wa kumfukuza mara moja ni kando ya barabara. Hiyo barabara inakuja Nairobi. Ng'ombe uliyekutana naye kwenye jam hakupotea. Alifanya kile alichofanya siku zote, kufuata nyasi, na nyasi zikamleta mjini.

Kura

Tulikutana Jumapili, kama kawaida, nyuma ya kinyozi. Nikawasomea hesabu zangu. Nikapendekeza tuache ploti wazi hadi tutakapoanza kujenga, tuweke bikoni tu.

Walinisikiliza vizuri, sitadanganya. Lakini mmoja wa wale dada akasimama akasema, "Skiza, binamu yangu aliacha ploti yake wazi. Akarudi akapata mtu amejenga choo." Watu wakacheka, ila kila mtu alijua si mzaha. Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyeuziwa ploti iliyouzwa mara mbili, au aliyeamka bikoni zimetembea. Ua kwetu sisi ni ushahidi kwamba pesa yetu haijaliwa. Sisi hatuna ekari 200 za kuuza tukikosa karo. Tuna hizi mbili.

Kura: saba walitaka ua, wanne hawakutaka. Nilishindwa, na siwezi kusema wale saba ni watu wabaya.

Miezi miwili baadaye nilienda kuangalia kazi. Seng'enge imenyooka, nguzo zimesimama vizuri. Nje ya ua ardhi ilikuwa imelambwa hadi udongo. Ndani, nyasi ilifika magotini, imeshaanza kukauka, hakuna anayeila. Na kile kijia kilikuwa kimehama. Kilifika kwenye nguzo yetu ya kona, kikapinda, kikafuata waya hadi mwisho, kikapinda tena kurudi kwenye mstari wake wa zamani. Kwato zilikuwa za asubuhi ileile.

Nilipiga picha nikaituma kwa kundi la chama bila maneno. Baada ya muda mweka hazina, yuleyule aliyepandwa na hasira siku ya kwanza, akaandika: "Hiyo nyasi si itaoza bure? Au ichomeke na nguzo zetu?"

Ndipo tukafikia makubaliano. Ua umebaki, lakini una lango, na mzee jirani ana ufunguo. Ndama wake wanaingia nyasi ikiwa juu na wanatoka ikiwa fupi. Yeye naye anatutazamia bikoni. Hakuna choo kitakachojengwa pale bila yeye kujua.

Najua ni siku nane tu za ng'ombe mmoja. Haziokoi kundi. Lakini hebu fikiria ploti zote tupu unazoziona ukiteremka Namanga Road, seng'enge nje, nyasi ndani, wenyewe wako Umoja na Pipeline wanasubiri pesa ya msingi. Ploti mia moja kama hizo ni siku 400. Huyo ni ng'ombe mmoja amevuka mwaka mzima.

Kwa hivyo kama unachangia ploti, usiache. Sote tunatafuta pa kuweka kichwa. Ila ukienda kuiona, usimuulize dalali peke yake. Tafuta jirani mwenye boma, msalimie, muulize njia ya mifugo inapita wapi na maji yako upande gani. Kama hujengi mwaka huu, fikiria kama unahitaji ua mwaka huu. Na kama ni lazima uzungushe, weka lango, kisha mkubaliane nani anaingia lini na anatoka lini.

Halafu siku nyingine ukikwama kwenye jam nyuma ya ng'ombe, na yule abiria akiuliza swali lake, muulize na wewe la kwako: ploti yako iko wapi, na nyasi yake inaliwa na nani?